Usifiwe, Skrini Nyeusi

Waliosifu meli na milima wamekwisha kusifu. Mimi naisifu skrini nyeusi ya Linux, ile inayojitokeza asubuhi pale Lupingu barua ikiwa haijachapwa na mtendaji wa kijiji keshaketi akiisubiri.

Kwanza, ni mkweli. Kompyuta nyingine huzungusha kiduara kwa madaha ilhali mambo yameshaharibika. Hii haijipambi: giza tupu, na kistari kimoja juu kushoto kinachokukonyeza.

Pili, ina heshima kwa wageni. Andika flashi katika /etc/fstab, orodha ya diski ambazo mashine huziunganisha ikiwaka, kisha uichomoe. Kila ukiwasha, mashine itaisubiri sekunde 90 ikizihesabu mbele ya macho yako, ndipo ikutupe kwenye hali ya dharura. Hata mkwe hasubiriwi hivyo.

Tatu, haijali vyeo. Mwenye shahada atabadilisha programu zote, kumbe waya wa VGA una pini 15 na moja imepinda.

Nne, huanika siri. Itakuonyesha kuwa filamu na nyimbo za kwaya zimejaza diski mpaka huduma ya ukurasa wa kuingilia imekosa pa kuandika hata faili dogo. Au kwamba uliwahi kufungua programu kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, faili la .Xauthority, kibali chako cha kuchora kwenye kioo, likawa mali ya root, msimamizi mwenyewe. Tangu siku hiyo nenosiri lako ni sahihi, unakaribishwa ndani, na papo hapo unarudishwa mlangoni.

Tano, inafundisha Kiingereza bila ada. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutuletea programu za ofisi za Jambo OpenOffice, menyu zikasema Kiswahili. Skrini nyeusi haikushawishika. Yenyewe husema “cannot open display”, yaani programu haijui ichore kwenye kioo kipi, na wewe utafute kamusi.

Basi ndugu msomaji, kabla hujaifunga mashine kwenye bodaboda ipande milima ya Livingstone kwenda Ludewa au Njombe, isikilize. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia, kisha andika systemctl --failed ujue huduma ipi imegoma kuamka. Fuatisha journalctl -b -p err usome sababu, na df -h uone nafasi iliyobaki. Giza likizidi kukaidi baada ya hapo, lipa nauli.