Kobe Aomba Kuuona Mkataba

Baraza la wanyama wa Nairobi lilipoitwa chini ya mugumo wa Waiyaki Way, pale Westlands, wa kwanza kufika walikuwa korongo. Walikuwa na uchungu wao. Miti mingi kando ya Barabara ya Mombasa na Uhuru Highway iliangushwa kupisha barabara ya juu, na viota vyao vikaenda nayo. Hata mugumo wenyewe uliponea chupuchupu: mwaka 2020 ulikuwa umeshapangiwa kukatwa, wakazi wakapiga kelele, ndipo ikatoka amri ya rais kwamba usiguswe.

Mwenyekiti Sungura alipanda juu ya mzizi. Shingoni alivaa nishani ya Tai. Tai alikuwa rafiki wa kijiji tangu bendera ipandishwe 1963, na mwaka 2024 alimvika Sungura cheo ambacho hakuna kijiji kingine kusini mwa Sahara kilichowahi kupewa: mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO.

"Ndugu zangu," akaanza Sungura, "Tai anatupenda, sikatai. Lakini ukimwomba daraja, anakuletea mtaalamu wa kukufundisha jinsi ya kuomba daraja. Chuimilia wa Mashariki akija, anakuja na saruji. Barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit tulimwahidi Jogoo wa Ufaransa, bei yake ikatushinda, tukavunja ahadi. Sasa ataijenga Chuimilia."

Wanyama wakashangilia, na hawakuwa wajinga kushangilia. Walikuwa wameona Barabara ya Thika ikikamilika kupanuliwa mwaka 2012. Treni ya Mombasa waliipanda kuanzia 2017. Barabara ya juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022, na mnyama yeyote aliyewahi kunyeshewa kwenye foleni ya Uhuru Highway na watoto mgongoni anajua thamani ya njia iliyo wazi. Mwenye njaa ya barabara hafai kudharauliwa.

Bibi Twiga wa Lang'ata akainua shingo. "Udugu wetu na Mashariki haukuanza jana. Mwaka 1415 babu yetu mmoja alipakiwa merikebuni kutoka Malindi, akapelekwa kama zawadi kwa mfalme wa China. Alipokewa kwa heshima kubwa."

"Bibi, kwa heshima yako," ikasema sauti kutoka chini kwenye nyasi, "nani alimuuliza babu kama anataka kwenda?"

Alikuwa Kobe wa Kangemi. Baraza likatulia.

"Mimi sina ugomvi na Chuimilia," Kobe akaendelea. "Naomba jambo moja tu, Mwenyekiti. Naomba kuuona mkataba."

"Mambo ya wakubwa hayo, mzee wangu. Yana siri zake."

"Siri kwa nani? Chuimilia ameusoma. Wewe umetia sahihi. Aliyebaki bila kuusoma ni yule atakayelipa."

Sungura akacheka, lakini masikio yake yalilala. Kobe hakuwa akibahatisha. Mkopo wa ile reli ya Mombasa ulitiwa sahihi na benki ya Exim ya China mwaka 2014, na kijiji kikaambiwa karatasi zake haziwezi kuonyeshwa. Ilibidi raia waende mahakamani. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru zifichuliwe, na Novemba mwaka huo waziri Kipchumba Murkomen akatoa sehemu ya karatasi hizo. Miaka minane! Waliozisoma walikuta kwamba kukitokea mzozo, sheria itakayotumika ni ya China, na kesi itaamuliwa Beijing. Wakati huo reli yenyewe ilikuwa imekomea karibu na Naivasha tangu 2019, na Malaba iliyoahidiwa haijaiona hadi leo.

Kabla Sungura hajajibu, kivuli kikapita juu ya mugumo. Tai alitua kwa kishindo. Alikuwa na hasira tangu Aprili 2025, Sungura aliposafiri hadi Beijing na kuzungumza na mwenyeji wake habari za kuujenga upya utaratibu wa dunia. Kule kwa Tai, seneta Jim Risch alikuwa ameshataka cheo cha kijiji kichunguzwe upya.

"Kobe amesema kweli!" Tai akanguruma. "Nishani yangu niichukue?"

"Mzee Tai, karibu, keti," Kobe akamjibu bila kuinua sauti. "Februari 2024 tulikwenda kwenye soko la fedha la upande wako tukakopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili tulipe deni la awali. Bei hiyo niliisoma gazetini wiki ileile. Hapo umemshinda mwenzako, nakupa haki yako. Lakini usije hapa kutufundisha huruma."

Tai akanyamaza. Na Chuimilia, aliyekuwa ameketi pembeni muda wote, hakusema neno, maana kuuonyesha mkataba lilikuwa jukumu la Sungura. Mgeni hutetea mali yake. Mwenyekiti ndiye aliyechaguliwa kutetea ya kijiji. Kosa ni la Sungura, na ndilo ninalomshtakia.

Ujenzi wa barabara ya Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Barabara hiyo itatozwa ada, na ndani yake mna fedha za NSSF, akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wanaokatwa mishahara kila mwezi. Basi wewe unayekatwa, fuata nyayo za Kobe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Andika barua uombe kuuona mkataba huo. Sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu.