Ulimi Ukiteleza Hewani, Samahani Ni ya Nani?

Fundi viatu anasonya tangu asubuhi. Msonyo wenyewe ule unaovutwa kuanzia kwenye magego, hadi wapita njia wa upande wa pili wanageuka wakidhani wametukanwa wao. Kisa ni kijana wa bodaboda, aliyetamka mbele ya watu wazima kwamba mtangazaji akiteleza ulimi hewani hana haja ya kuomba radhi.

"Radhi inaombwa na mwenye kosa," kijana anasema, kikombe cha kahawa mkononi, kashata shavuni. "Mtu hakukusudia, kosa lake liko wapi, fundi?"

"Msyuuu! Kosa liko masikioni mwangu mimi niliyetukanwa."

Hapo gumzo likawaka, na hapa kijiweni kwetu Magomeni gumzo likishawaka hata muuza kahawa anasahau kudai hela yake. Mzee wetu mstaafu akasogeza kigoda. Yeye miaka yake ameimalizia kwenye chumba cha mitambo cha redio, na vituko vya watangazaji wa dunia nzima anavijua kama wengine wanavyojua matokeo ya Simba na Yanga.

Akatuletea cha Waingereza. Jumatatu ya tarehe 6 Desemba 2010, kipindi cha Today cha BBC Radio 4, saa mbili asubuhi inagonga. James Naughtie, mkongwe wa kipaza sauti, anawatajia wasikilizaji kitakachofuata baada ya taarifa ya habari: mahojiano na Jeremy Hunt, waziri wa utamaduni, kuhusu intaneti ya kasi. Sasa kwa Kiingereza cheo hicho cha utamaduni kinaanza na herufi C. Na hilo jina la Hunt, ukiling'oa H ukapachika C, unapata tusi zito la maungo ya mwanamke, ambalo Mwingereza hata akiwa amelewa huliangalia mara mbili. Ulimi wa bwana yule ukaiwahi ile C kabla ya zamu yake. Waziri wa Malkia akatukanwa wakati watu wako mezani na chai, watoto wamevaa sare za shule.

Kilichofuata Mzee hasimulii, anaigiza. Naughtie anakohoa. Anameza mate. Anajikongoja kwenye vichwa vya habari huku kicheko kimemkaba, sauti inapasuka katikati ya sentensi, asiyejua angedhani mtu anakata roho studio. Baadaye akaomba radhi, na lingeishia hapo. Lakini saa tatu asubuhi hiyohiyo akaingia Andrew Marr na kipindi chake cha Start the Week, mazungumzo yakagusia habari za ulimi kuteleza, Marr akakigusa kisa cha mwenzake kwa tahadhari zote za mtu mzima, na neno lilelile likamponyoka na yeye.

Mama wa chapati alicheka hadi akashika nguzo. Miaka kadhaa baadaye, Mzee akaongeza, Victoria Derbyshire wa BBC hiyohiyo naye akaangukia kwenye jina hilohilo. Akaomba radhi papo hapo, akatania kwamba kwa kawaida wanaoteleza pale ni wanaume, akaendelea na kazi.

"Si mnaona?" kijana akadakia. "Hilo jina lina pepo. Mnataka mtu aombe radhi kwa niaba ya pepo?"

Mwalimu wa sekondari, ambaye huja kijiweni kwa kisingizio cha kusoma gazeti, akavua miwani. Daktari Sigmund Freud, anasema, aliandika kitabu mwaka 1901 akidai kuteleza ulimi hakuji bure bure, nyuma yake kuna tamaa au chuki iliyofichwa. Fundi akashangilia: "Ahaa! Kumbe alikuwa nalo moyoni!" Taratibu, Mwalimu akamwambia. Miaka ya 1970 na 1980 kuna wataalamu wa Marekani, Bernard Baars na Michael Motley, walioketisha watu wakawasomesha jozi za maneno haraka haraka, zimepangwa kwa hila ili herufi za mwanzo zibadilishane. Jozi nyingine zikiteleza zinazaa neno la kawaida, nyingine zinazaa tusi. Watu waliteleza mara chache zaidi pale palipokuwa na tusi. Ajabu ni kwamba hata wale waliosoma sawasawa, bila kuteleza, vipimo vya ngozi vilionyesha mshtuko walipofika kwenye jozi za matusi. Tusi lilikuwa limeshatungwa kichwani, likakaguliwa na kuzuiwa mlangoni, na jasho likatoka.

Kwa hiyo, Mwalimu akamalizia, matusi kichwani sote hapa tunayo. Tusi kumponyoka mtu si ushahidi kwamba analipenda.

Mimi nadhani Freud na kijana wa bodaboda, pamoja na kupingana kwao, wanachungulia dirisha moja. Wote wawili wanatazama ndani ya kifua cha msemaji: alikusudia, hakukusudia. Msikilizaji yuko nje, na redio haimpelekei kifua cha mtu, inampelekea sauti. Mama wa chapati alilisema vizuri kuliko mimi. "Daladala imefunga breki, umenikanyaga kidole cha mguu. Nakuuliza kama ulikusudia? Unasema 'samahani dada', nasema 'usijali', tunaendelea kubanana hadi Kariakoo. Ukikaa kimya ukatazama dirishani, hapo ndipo utanitambua."

Kijana akakwama kidogo, akanywa kahawa. Kisha akarudi na hoja ambayo, kusema kweli, ndiyo ngumu: "Sawa mama. Ila huyo wa daladala akishasema samahani hashushwi garini. Hawa watangazaji wanaomba radhi na kazi wanafukuzwa. Sasa waombe ya nini?"

Hapo ikabidi twende Marekani, maana huko ndiko samahani inakojaribiwa kwa moto. Tarehe 5 Mei 2023, Glen Kuiper, aliyekuwa sauti ya timu ya besiboli ya Oakland Athletics kwa karibu miaka 20, alikuwa Kansas City. Mchana yeye na mwenzake walikuwa wametembelea Negro Leagues Baseball Museum, jumba linalotunza kumbukumbu za ligi za Weusi, enzi wamefungiwa nje ya ligi kubwa. Ligi yao ya kitaifa ilianzishwa mjini humohumo mwaka 1920. Jioni, mubashara, Kuiper akawa anawasimulia watazamaji kwa bashasha jinsi siku ilivyokuwa tamu: jumba la makumbusho, kisha nyama choma ya Arthur Bryant's. Alipofika kwenye jina la jumba, neno la kwanza likatoka limegeuka lile tusi ambalo Weusi wa Marekani wamechapwa nalo tangu utumwani.

Mchezo ukiendelea alirudi. Akasema kuna kitu alikisema mapema hakikutoka alivyotaka, na kama kilisikika tofauti na alivyokusudia, anaomba radhi.

"Kama!" Fundi alisonya hadi misumari ikamtoka mdomoni. "Kama kilisikika! Kwani sisi viziwi?"

Na mimi nilikuwa na Fundi. Samahani yenye "kama" inamrudishia msikilizaji mzigo: huenda hukusikia vizuri, huenda una masikio mepesi, huenda shida ni yako. Tena haikutaja kilichosemwa, kwa hiyo aliyewasha televisheni dakika ile hakujua nani anaombwa radhi kwa lipi. Baadaye Kuiper alitoa taarifa iliyonyooka zaidi, na Bob Kendrick, mkuu wa jumba lenyewe, mtu mwenye haki kuliko wengi ya kukasirika, akasema neno lile linaumiza na halina nafasi, ila moyo wake ni wa kusamehe, akawaomba na wengine wasamehe. Haikusaidia. Tarehe 22 Mei, NBC Sports California ikamwachisha kazi, ikieleza kwamba uamuzi ulitokana na mambo kadhaa, yakiwemo yaliyogundulika katika uchunguzi wake wa ndani. Yapi? Hayakuwekwa hadharani. Mzee akanyanyua mabega tu.

Ukitaka kuona sheria hizi zinavyopinda, tazama kisa cha Januari 2010. Mike Greenberg wa ESPN, kituo kikubwa cha michezo, siku ya kumkumbuka Martin Luther King, maneno yakamgongana katikati ya jina la shujaa mwenyewe, likatoka neno la kale la kuwadhalilisha Weusi. Akaomba radhi, kazi akabaki nayo. Januari 2019, Jeremy Kappell, mtabiri wa hali ya hewa wa kituo cha Rochester, jimbo la New York, akagongana palepale, kwenye jina lilelile, na neno lilelile. Yeye alisema ulimi ulikimbia kuliko akili. Hakusimama hewani kujirekebisha, video ikasambaa, meya akataka aondoke, na ndani ya siku chache akaondolewa. Al Roker, mtabiri wa hali ya hewa maarufu kuliko wote kule, tena Mweusi, akajitokeza kumtetea.

"Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha," Mama akasema, na safari hii hakuna aliyebisha. ESPN ni kuku mkubwa.

Tofauti nyingine, kwa haki, ni kwamba Greenberg aliomba radhi mapema. Lakini basi tumtazame Dave Lenihan wa KTRS, St. Louis, Machi 2006. Alikuwa akimsifia Condoleezza Rice, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, anasema angefaa kuongoza NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, neno la sifa likageuka tusi hilohilo. Alishtuka mwenyewe, akaomba radhi palepale, tena na tena, kabla hata simu hazijaanza kulia. Akafukuzwa siku hiyohiyo. Mtu alikuwa kwenye sifa! Hapo kijana wa bodaboda alinitazama kwa jicho la ushindi na sikuwa na la kumjibu, isipokuwa kwamba mwajiri yule alikuwa ananunua utulivu wake mwenyewe, na kwa bei ya mtu mwingine. Ukiwafundisha watangazaji kwamba samahani ya haraka ni kukiri mbele ya hakimu, kesho wataiga wa Rochester: wapite kama hawakusikia, waombe Mungu hakuna aliyerekodi.

Kwa wenyewe Waingereza angalau kuna mahali samahani inahesabika. Ofcom, msimamizi wao, ikipokea malalamiko ya tusi lililoponyoka mubashara, hutazama pia kama kituo kiliomba radhi papo hapo, na mara nyingi shauri hufungwa kwamba limeshamalizwa.

Na sisi? Lugha yetu nayo ina mashimo yake. Mtangazaji anayehimiza watu kunywa maji ya kuchemsha, W moja ikimponyoka tu, ameshawaagiza kitu kingine kabisa. Hilo tunalicheka, na ni sawa tulicheke. Ila huku radhi imezoeleka kama adhabu. Agosti 2020 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilivifungia Clouds FM na Clouds TV siku 7 kwa habari za uchaguzi, na sehemu ya amri ilikuwa kuomba radhi hewani. Samahani ya kuamriwa na mamlaka kila mtu anajua inavyosikika. Mzee, aliyezishika nyaya hizi, anasema mtangazaji aliyezoea kuona radhi ikitolewa chini ya barua yenye muhuri hawezi kuitoa kwa hiari. Anaona anajisomea hukumu.

Kuna na wanaojificha nyuma ya ulimi kuteleza. Machi 2021 watangazaji wa Homeboyz Radio ya Nairobi walimsema mwanamke aliyedai kusukumwa na mwanamume kutoka ghorofani, wakimlaumu kwa kujirahisisha. Mdhamini akajitoa, watangazaji wakafukuzwa, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikatoza faini ya shilingi milioni 1 na kukisimamisha kipindi miezi 6. Hao ulimi haukuteleza hata kidogo. Walizungumza kwa kituo, wakachekeana, wakapokezana. Nawataja kwa sababu watu wa namna hiyo wakibanwa huwa wepesi kukimbilia "nilinukuliwa vibaya, ulimi hauna mfupa". Mtu aliyeponyokwa na herufi moja asiwekwe benchi moja nao.

Kwa hiyo mimi nasema aombe, haraka, kwa sentensi mbili, bila "kama", kisha taarifa iendelee na mshahara wake uendelee. Kijana amekubali nusu: aombe, lakini mwajiri naye aape kwanza kutomfukuza. Fundi ndiye bado. Anataka radhi irudiwe kesho yake saa ileile, maana aliyesikia tusi asubuhi akashuka kwenye daladala, samahani ya dakika tano baadaye haikumkuta. Mzee anamwambia hapana, ukimrudisha mtu kwenye neno hilo kesho utampoteza kama Marr. Fundi amesonya. Mpaka naondoka walikuwa wanabishana kama kurekodiwa kwanza ndiyo suluhisho, na muuza kahawa alikuwa ameanza kukumbuka hela yake.