Mpelelezi Ashuka Maua

Siku hizi mume wa Meru akianza kuchelewa kurudi, kesi haifiki kwa wazee wa Njuri Ncheke. Mkewe anakodi mpelelezi kutoka Nairobi. Bwana huyo, miwani ya jua na gari la vioo vya giza, anaingia mji wa Maua kwa siri. Siri! Kabla hajazima injini, watu wa bodaboda wameshajua anamfuata nani, na muuza miraa ameshampigia simu mhusika avae vizuri kwa ajili ya picha. Kule Runyenjes, mama wa muguka angemweleza yote bure, na chumvi juu.

Picha zikifika kortini, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti cha kuzithibitisha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamsubiri mpelelezi mlangoni.

Mume naye? Amemkodi mpelelezi yuyo huyo, kwa bei nafuu.