Chai Haipendi Majirani

Mgeni akifika Litembo hushangaa jambo moja. Milima imevikwa mibuni, kahawa imeanikwa kwenye vichanja uani, na hata mtoto wa darasa la tatu anajua bei ya kilo. Lakini akikaribishwa ndani, anamiminiwa chai. Kahawa yetu inashuka Mbinga mjini kukobolewa, kisha inakwenda ng'ambo kunywewa na watu ambao hawajui kabisa Mbinga iko wapi. Sisi tuliobaki na ukungu wa Juni tunakunywa majani ya Njombe na Mufindi.

Kwa kuwa tunainywa asubuhi, jioni na misibani, tumejiaminisha kwamba chai inapatana na kila kitu. Hapana. Chai ni kama mkwe: ukimketisha na asiowapenda hatasema neno, lakini utaliona usoni.

Chukua ndimu. Mjomba anaishi ziwani, upande wa Liuli, kwenye joto, na huko kwake chai ni ya rangi, imekamuliwa ndimu, basi. Alipopanda kutusalimia alibeba mfuko mzima wa ndimu. Akapewa chai ya maziwa, maana ndiyo heshima ya mgeni. Akakata ndimu, akakamua. Maziwa yakakatika papo hapo: mabonge meupe juu, maji ya kahawia chini. Nyumba nzima kimya. Mjomba, ambaye hajawahi kushindwa mbele ya watu wa milimani, akaomba kijiko. "Supu nzuri," akasema, akamaliza. Asidi ya ndimu huifanya protini ya maziwa ishikane na kujitenga na maji. Kwenye chai ya rangi ndimu hiyohiyo huipausha tu kidogo, na hakuna anayehitaji kijiko.

Shangazi alicheka kuliko wote. Hazikupita siku nyingi akaparuza tangawizi mbichi kwenye maziwa ya uvuguvugu, akafunika sufuria, akatoka kufukuza kuku. Kurudi, maziwa yameganda. Alimlaumu aliyekamua, kisha akamlaumu ng'ombe. Kumbe tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Dawa ni kuitanguliza kwenye maji yachemke vizuri, ndipo maziwa yafuate. Kule Guangdong, kusini mwa China, watu hugandisha maziwa kwa tangawizi makusudi na kuyala baridi au moto kama kitu kitamu. Shangazi alipoelezwa hilo akasema ndicho hasa alichokuwa anapika.

Chumvi naipita haraka, kwa sababu kila ukoo una kisa chake cha kopo la sukari na msiba wenye watu wengi. Watu wa Tibet hutia chumvi kwenye chai, pamoja na siagi. Ila wao hawafikishi sufuria nzima kwa waombolezaji ndipo wagundue.

Balaa kubwa lilikuwa usipa, dagaa wa ziwani. Dada alishuka Mbamba Bay, akanunua dagaa wakavu wa kutosha, na kwa kuwa kapu lilikuwa na nafasi akapachika humo paketi kubwa ya majani ya chai iliyofunguka pembeni. Kapu likapanda milima yote kwenye basi, jua likiwaka juu yake. Majani ya chai hunyonya harufu ya kitu chochote kilicho karibu. Ndiyo maana Wachina huyalaza pamoja na maua ya asumini yapate kunukia. Yetu yalilala na usipa. Kuyatupa kungekuwa hasara, hivyo tuliendelea kuyanywa, tukiongeza sukari, mdalasini na kila kilichokuwa na harufu. Ilikuwa Kwaresima, na katekista akapita Ijumaa. Alipiga funda moja, akaangalia ndani ya kikombe, akapiga la pili. "Hakuna dhambi," akasema taratibu. "Samaki anaruhusiwa."

Kuna siku nyingine chai ilitoka nyeusi kama masizi, bila harufu yoyote. Maji yalikuwa ya mvua, kutoka kwenye pipa lililoanza kuliwa na kutu. Bibi aliikataa, babu aliinywa ili kuonyesha kwamba haogopi. Binamu yangu mdogo, aliyekuwa na kazi ya shule na kalamu iliyokauka, alichovya kijiti kwenye kikombe na kuandika jina lake, likasomeka. Hakukosea. Wino wa zamani huko Ulaya ulipikwa kwa tanini za mimea na chumvi ya madini ya chuma. Majani ya chai yana tanini tele, na kutu ni chuma. Babu alikuwa amekunywa kalamu.

Kinachotokea kwenye kikombe hutokea pia tumboni, ila huko hatukioni. Tanini zinashikana na madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, na mwili unapata kidogo mno. Hilo linatugusa sisi hasa, kwa sababu kwenye ngoro zetu, mashimo yetu ya kulimia mlimani, zamu ya mahindi ikipita inakuja ya maharage, na ugali kwa maharage hausindikizwi na kitu kingine ila chai. Ndimu za mjomba zingefaa zaidi hapo: vitamini C huusaidia mwili kuchukua chuma cha maharage.

Muuguzi wa kliniki alimwambia dada yangu hayo alipokuwa mjamzito: vidonge vya kuongeza damu ameze kwa maji, chai angoje kama saa moja. Shida ni kwamba dada ana mama mkwe, na mama mkwe alikuwa amekwishaleta chupa ya chai.

"Mama, naomba nisubiri kidogo. Nimemeza dawa."

"Chai yangu ina nini?"

"Haina kitu, mama. Ni saa moja tu."

Mama mkwe akafikiri. Akaweka chupa katikati ya mkeka, akavua viatu, akakunja khanga magotini. "Basi tutaingoja wote," akasema, akaanza na habari za mtoto wa jirani aliyeuza kahawa ikiwa bado kijani mtini. Alipofika kwa mkwe wake wa pili, dada alikuwa ameshauliza saa mara nne.