Mpaka wa Tumbo ni Bonde la Lwengera

Aiskrimu isiyo na maziwa inasifiwa siku hizi kana kwamba kila tumbo korofi litaipokea kwa vigelegele. Kwa mtu aliyeandikiwa mlo wa FODMAP kidogo, mimi naona swali la maziwa ni dogo; aulize kwanza matunda yaliyomo yametoka Usambara ipi. Mlo huo uliasisiwa na watafiti wa Australia, na Chuo Kikuu cha Monash ndicho kilichoupa jina, kwa ajili ya wale ambao tumbo linajaa gesi na kusokota huku vipimo vyote vikisema wazima. FODMAP ni sukari ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri: huvuta maji njiani, zikifika utumbo mpana bakteria huzichachua, na matokeo yake hayafai kusikika msibani. Laktosi ya maziwa ni moja tu kati ya hizo. Ukiitoa kisha ukatia korosho, asali, tende na inulini, umemfukuza mpangaji mkorofi mmoja na kuwakabidhi ufunguo ndugu zake wanne.

Sasa tazama milima ya Usambara, iliyogawanywa na Bonde la Lwengera. Magharibi ya bonde hilo iko Lushoto, na fahari yake ni plamsi, mapeasi, mapichesi na epo, utadhani mtu alichukua orodha ya makatazo ya Monash akaipanda shambani. Matunda hayo yana sorbitoli, na epo na peasi huongezea fruktosi ya ziada. Mashariki iko Amani, wilayani Muheza, penye machungwa, mananasi na mapapai kule chini, na iliki na mdalasini juu milimani. Vyote hivyo, kwa kiasi, vinaruhusiwa. Wajerumani walioanzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902 walijaribu mimea ya kila bara bila kumfikiria mla barafu hata mmoja, lakini upande wao umetoka salama. Barafu ya mfuko ya nanasi na iliki haina uhusiano wowote na ng'ombe, na haikungoja Monash.

Mtaniambia Muheza nako kuna maembe. Kweli, na embe ni mhaini: lina fruktosi ya kuzidi. Ndizi iliyoiva sana nayo haiaminiki, na tui zito likizidi linaleta yake. Wengine watasema barafu ya mfuko ni sukari na rangi tu. Sikatai, ila sukari ya mezani haimo kwenye orodha. Mlo huu unapima gesi, haupimi meno. Watu wa Lushoto ndio wenye hoja nzito: je, plamsi iachwe milele? La. Makatazo makali ni ya wiki 2 hadi 6, kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja, kwa vipande vidogo. Shida ni kwamba mtaalamu wa lishe anataka uanze na robo ya plamsi, na muuzaji wa pale Soni anapima kwa sadolini. Ukimwambia ni nyingi, atadhani unapunguza bei, akupe na nyongeza.