Simu na Chupa ya Chai Warudi kutoka Savannah

(Usiku, kituo cha mafuta kando ya barabara kuu ya I-16, jimbo la Georgia, Marekani. Familia ya Wakongomani wanaoishi karibu na Atlanta imeshuka kwenda msalani. Garini wamebaki Simu, aliyebanwa mbele ya usukani, na Chupa ya Chai, aliyelala chini ya kiti cha nyuma, mtupu.)

SIMU: Shikamoo, Bibi Chupa.

CHUPA: Marahaba, mwanangu. Hawajakubandua tu?

SIMU: Ndiyo kazi, Bibi. Kilomita 400 kwenda, 400 kurudi, na sijawapoteza hata mara moja.

CHUPA: Wangepotelea wapi? Barabara imenyooka kama uzi, misonobari kushoto, misonobari kulia. Hata mimi niliye chini ya kiti ningewafikisha.

SIMU: Na mjini Savannah je? James Oglethorpe aliupanga mji ule mwaka 1733 kwa viwanja vyenye miti. Vimebaki 22, nami nimewaonyesha karibu vyote.

CHUPA: Umewaonyesha, au umewapiga picha?

SIMU: Kwani kuna tofauti?

CHUPA: Pale Chippewa Square niliachwa kwenye nyasi nusu saa nzima, baba akitafuta benchi la Forrest Gump, ile filamu ya 1994.

SIMU: Benchi lile lilitengenezwa kwa ajili ya filamu tu, Bibi. Siku hizi liko kwenye makumbusho.

CHUPA: Ulijua?

SIMU: Sikuulizwa.

CHUPA: Kwa hiyo akapiga picha mahali ambapo benchi halipo.

SIMU: Picha saba. Na nyingine 40 za zile ndevu zinazoning'inia mitini. Jina lake linadai ni ukoga wa Hispania. Si ukoga, wala hautoki Hispania. Ni jamaa ya nanasi.

CHUPA: Kumbe hata miti ya huko inajua kujipa jina zuri! Kama yale majumba yao. Tulisikia yalijengwa lini, kwa mtindo gani, na mzimu gani hutembea ngazini. Aliyebeba matofali sikumsikia.

SIMU: Usiwaonee, Bibi. Georgia ilipoanza ilipiga marufuku utumwa.

CHUPA: Marufuku hiyo ilidumu mpaka lini?

SIMU: Mpaka 1751.

CHUPA: Hata mtoto aliyezaliwa mji ukianza alikuwa hajafika miaka ishirini! Halafu?

SIMU: Halafu... Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi nje ya mji, watu zaidi ya 400 walipigwa mnada kwa siku mbili.

CHUPA: Hapo mlipita?

SIMU: Hapakuwa na nyota za kutosha. Mimi huwapeleka watu penye nyota nne na nusu kwenda juu. Tulikwenda kula kamba wa kukaanga.

CHUPA: Mimi nilibebwa na bibi wa watoto hadi kanisani, First African Baptist.

SIMU: Nalifahamu. Jengo lilikamilika mwaka 1859.

CHUPA: Mwaka uleule wa mnada. Huku watu wanauzwa, huku watumwa wanamalizia kanisa lao. Uliona sakafu?

SIMU: Ina matundu.

CHUPA: Yametobolewa kwa umbo la almasi yenye msalaba ndani, alama ya Wakongo ya kuzaliwa, kufa na kurudi. Kanisa husimulia kwamba waliotoroka walijificha chini ya mbao hizo, na matundu ndiyo yaliyowapa pumzi.

SIMU: Hao ni Wakongo wa upande wa Atlantiki, Bibi. Hawa wetu wametoka Uvira, mashariki kabisa. Ramani ninayo.

CHUPA: Hata bibi wa watoto anajua, na hakusema ni ndugu zake. Lakini vita ilipoingia mtaani kwake alilala siku tatu uvunguni mwa kitanda cha jirani. Basi akaniweka kando, akapiga magoti yale yale yanayomsumbua kila asubuhi, akatia kidole kwenye tundu moja. Hakuuliza linatumika kwa nini.

SIMU: Ndipo alipoinama vile! Mtoto mdogo alinichukua akapiga picha ya sakafu. Nilidhani amekosea.

CHUPA: Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu. Picha hiyo moja itunze. Nyingine shauri yako.

SIMU: Haipo.

CHUPA: Imekwenda wapi?

SIMU: Tulipokuwa tunaingia hapa nilijaa. Nikamwambia baba afute kitu. Akapekua: yeye na mto, yeye na sanamu, yeye na sahani ya kamba, yeye na benchi ambalo halipo. Zote akaziruka. Alipofika kwenye sakafu ile akasema, "Hii ya nini? Haina mtu."