Milimita Sita Zinavyokula Boriti

Ukimsikia mhandisi akisema "milimita sita si kitu," muulize kwanza kebo yake ina urefu gani. Akiinua mabega, mnyang'anye kikokotoo, kisha mfundishe hivi.

Katika boriti ya zege inayokazwa kwa kebo za chuma, jeki ikiachia waya wa kebo uliovutwa, waya hurudi nyuma na kuziburura kabari zinazoushika ndani ya tundu la nanga mpaka ziume. Safari hiyo fupi, mara nyingi milimita 6 hivi, ndiyo mtelezo. Kama kebo imenyooka na haina msuguano, zidisha mtelezo kwa moduli ya chuma, megapaskali 195,000, kisha gawanya kwa urefu. Kebo ya mita 60 hupoteza mkazo wa megapaskali 19.5. Ya mita 10 hupoteza 117, na ikiwa ilivutwa hadi 1,395, hiyo ni zaidi ya asilimia 8. Kabari ni zile zile! Anayenakili asilimia ya daraja refu na kuipachika kwenye boriti fupi anastahili kuchekwa hadharani, nami nitakuwa wa kwanza.

Kebo iliyopinda ndani ya bomba ina mambo yake. Msuguano uliokusumbua wakati wa kuvuta sasa unaizuia kebo isirudi, kwa hiyo hasara hukwama karibu na nanga. Tuseme unakula megapaskali 5 kila mita, yaani 0.005 kila milimita. Zidisha moduli kwa mtelezo, gawanya kwa 0.005, tafuta kipeuo cha pili: milimita 15,300 hivi. Ni mita 15 za kwanza tu zinazoguswa, lakini penye nanga umepoteza takriban 153, mara mbili ya kilicholiwa na msuguano katika umbali huo. Kebo ikiwa fupi kuliko hapo, weka hesabu hii kando. Hasara imeshafika ncha ya pili.

Sasa nenda saiti, maana hesabu haijui kabari zilizoingia mchanga. Pistoni ya jeki ikirudi milimita 12, usipige yowe: waya uliomo ndani ya jeki nao umefupika. Kipande cha sentimita 80 kilichovutwa hadi 1,395 hufupika milimita 5.7. Toa hizo. Zilizobaki, 6.3, ndizo mtelezo wako.

Pima kila kebo, uandike, kabla hujakata ncha. Uji wa saruji ukishaganda ndani ya bomba, kebo hiyo haivutwi tena.